Ugonjwa wa Kila Alhamisi

Wajukuu zangu mliofungua chumba cha masaji hapo Mafiga, asanteni kwa kunialika. Nilipoingia mlinipa shikamoo zenu vizuri, mkanivua viatu, mkanivisha kandambili laini, mkazima taa, mkawasha mshumaa wa kunukia, halafu mkafungulia simu itoe sauti ya maji yanayotiririka. Nikajiuliza, jamani, mto si huo hapo nyuma ya ukuta? Mngefungua dirisha tu tungeusikia wenyewe. Lakini nilikuwa mgeni, nikanyamaza.

Kisha yule binti mwenye rasta akaniinamia kwa adabu akauliza, "Bibi, unasumbuliwa na nini?"

Hapo ndipo mliponiona nacheka mpaka kanga ikafunguka. Mkatazamana, mkadhani uzee. Si uzee, wanangu. Swali hilohilo nililiuliza mimi miaka yote ya kazi yangu, na kuna mwaka nusura lilete mke wa pili kwenye nyumba ya watu. Kaeni niwasimulie. Na hiyo simu ya maji zimeni kwanza, inanipeleka chooni.

Mimi ndiye Bi Tatu. Nimewakanda na kuwachua wanawake wa mji huu na wa mlimani mpaka vidole vyangu vyenyewe vikagoma. Chumba changu kilikuwa cha uani, hapahapa Mafiga. Vifaa vyangu vilikuwa mkeka, godoro, sufuria ya maji ya moto na kichupa cha mafuta ya nazi. Stresi haikuwepo. Kulikuwa na kuwa na mambo mengi, na mwanamke mwenye mambo mengi aliambiwa apunguze mdomo, basi, tiba imekwisha.

Aliyenifundisha ni mama mkubwa, dada yake mama yangu, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa mkandaji wa wanawake waliojifungua, na alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Mwanzoni hakuniruhusu kumgusa mtu. Alinipa unga wa ngano nikande, wa chapati za nyumba nzima, kila siku. Mimi nikawa naupiga ngumi nionekane mchapakazi. Akaja akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Tatu, huo ni unga au ni mwizi?"

"Unga, mama mkubwa."

"Sasa kosa lake nini?"

Nikajifunza hivyo. Unga ukiupiga unakaza, ukiukanda taratibu kwa uzito wa mwili wako, siyo wa hasira zako, unalainika wenyewe. Nyinyi mnakandamiza kwa nguvu mpaka mfupani mkaita diptishu, na nimesikia wateja wenu wanajisifu mtaani jinsi walivyoumizwa. Eti, "Yule dada ana mkono, nililia!" Haya. Mkiona mteja anabana pumzi, mjue mmeshapita mpaka. Mtu anayebana pumzi hapumziki, anavumilia, na kuvumilia alikuwa anavumilia kwao bila kuja kwenu.

Na mafuta yapasheni. Kichupa kitieni ndani ya maji ya moto kwanza. Kichupa cha yule binti nimekigusa, ni baridi; akinimiminia hivyo mgongoni nitataja majina ya marehemu wote wa ukoo. Kucha mkate, pete mvue. Uti wa mgongo msiukanyage kwa vidole, piteni pembeni yake. Mguu ukiukuta umevimba, una joto na unauma upande mmoja tu, msiuchue hata mteja akipiga magoti, mpelekeni hospitali. Na anzeni na nyayo. Mabega ya mwanamke yana ulinzi, lakini nyayo hakuna aliyewahi kuziuliza hali, ndiyo maana zinafurahi haraka.

Haya, turudi kwenye swali.

Huku kwetu, mwanamke alikuwa anakandwa wakati mmoja tu, akishajifungua. Siku zake arobaini analala, anapikiwa uji wa pilipili manga, anamwagiwa maji ya moto, anakandwa kiuno, anakandwa miguu, watu wanaingia kwa kunong'ona. Arobaini zikiisha, anapewa jembe lake na ndoo yake, na mikono ya watu inamtoka mwilini mpaka atakapozaa tena. Kuna mama mmoja mlimani aliniambia bila aibu kwamba wale wawili wa mwisho aliwazaa nusu kwa ajili ya watoto na nusu kwa ajili ya kukandwa.

Sasa mwanamke asiyejifungua akionekana anatoka kwa mkandaji, maswali yanaanza. Unaumwa? Hauumwi? Kama hauumwi, umekwenda kufanya nini? Ama unadekezwa, ama kuna mtu unamtengenezea mwili. Kwa hiyo wateja wangu wote walikuja na magonjwa. Aliyekuja na chango, aliyekuja na baridi ya kiuno, aliyekuja na mshipa, aliyekuja na upepo uliomwingia kisimani. Mimi nauliza, "Unasumbuliwa na nini?" yeye ananitajia, nami napokea kama konda anavyopokea nauli. Wote wawili tunajua. Nikimgusa tu naona hana chango wala mshipa. Ana mahindi aliyotwanga, maji aliyochota, mtoto mgongoni na mume mdomoni.

Tabu ni kwamba ugonjwa wa uongo unataka kumbukumbu. Mmoja alimuaga mumewe kwa kusema mguu unamuuma, akarudi akilalamikia shingo. Mumewe akanifuata hadi nyumbani, amekasirika kweli. "Bi Tatu, nimekuletea mguu. Mbona umeupandisha shingoni?"

Waliokuwa huru na magonjwa ni wale wanawake wa klabu ya jogging tu, kwa sababu wao walikuwa na sare. Ukiwa na fulana ya rangi moja na wenzako, uchovu wako unaitwa mazoezi, na mumeo anakupiga picha. Jumapili asubuhi wanakimbia mpaka Mazimbu wakiimba, wanarudi kwa bodaboda, wanapitia chipsi. Siwacheki. Misuli yao ilikuwa inauma kweli, na walikuwa wanakuja kila wiki bila kujificha, wakawa wananyooka. Mwenyekiti wao ndiye aliyenifunza jambo moja. Alikuja jioni ya kuamkia mashindano ya mbio na klabu za wenzao, akaniambia, "Bi Tatu, nichue mpaka kesho niruke." Mimi kwa kiherehere nikamchua kwa nguvu zote, mapaja na vigimbi. Asubuhi miguu ikaamka imelewa. Akamaliza nyuma ya mzee aliyekuwa anakwenda zake msikitini. Basi, jueni, siku ya kuamkia mbio mkono uwe mwepesi kama unapaka mtoto mafuta. Nguvu wekeni baadaye, mtu akishapumzika.

Lakini mwanamke niliyetaka kuwaambia habari zake hakuwa na sare. Aliitwa Asia. Alikuwa analima kabichi na karoti mlimani, juu ya Bigwa, kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Mnajua kwetu Waluguru, ardhi inafuata upande wa mama. Alhamisi alikuwa anashuka alfajiri na tenga kichwani, anauza sokoni, kisha anapita kwangu kabla ya kupanda tena. Nyie mnaodhani kupanda mlima ndiko kunakotesa, muulizeni aliyeshuka na tenga la kabichi. Kupanda kunakula pumzi. Kushuka ndiko kunakoua magoti na mapaja.

Siku ya kwanza nilimlaza chali, nikakaa nyuma ya kichwa chake, nikaweka viganja chini ya kisogo.

"Niachie kichwa, mwanangu."

"Nimeachia, Bi Tatu."

Nikatoa mikono polepole. Kichwa kikabaki hewani. Tenga lilikuwa limeshauzwa sokoni, lakini shingo ilikuwa bado imelibeba, na mwenyewe hajui! Kumfundisha Asia kuachia kichwa chake kulichukua Alhamisi nyingi. Siku alipokiachia kikalala mkononi mwangu kizito kama boga, alilia kidogo, akaomba samahani, akalala usingizi.

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Hasira zilipungua, alikuwa anaimba njiani, magoti hayakumsumbua usiku. Sikufanya uganga wowote. Alikuwa analazwa chini mara moja kwa wiki na mtu asiyemdai kitu.

Nyumbani alikuwa ameaga kwa kisingizio cha ugonjwa, kama wenzake wote. Alimwambia mumewe ana baridi yabisi ya mgongo. Mume aliitwa Shabani, mfanyabiashara wa mahindi, kutwa yuko Gairo. Si mtu mbaya. Tena niseme ukweli, alikuwa na huruma sana, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwanaume yule aliona mkewe anatibiwa kila Alhamisi, mwezi unaisha, mwingine unaingia, na ugonjwa hauishi. Akapiga hesabu zake za kiume. Ugonjwa usiopona kwa matibabu ya kila wiki ni ugonjwa mkubwa. Mke wangu anakufa huku anajikaza. Nimtafutie msaidizi.

Na msaidizi, kwa akili ya Shabani, anapatikana kwa ndoa! Huruma yote ile, haikumpitia akilini kubeba ndoo hata moja.

Binti mwenyewe alikuwa ameshamwona hukohuko Gairo. Mama yake Shabani, Bi Chausiku, ambaye alikuwa anaishi nao hapo mlimani, akaunga mkono kwa nguvu zote. "Huyu mkeo amekwisha," akamwambia. "Leta mwenye mgongo." Kilichobaki ni mahali pa kumweka. Shabani akaenda kumwomba mjomba wa Asia, ndiye msemaji wa ardhi ya ukoo, kwamba huyo mke mpya ajengewe pale chini karibu na kijito, alime lile tuta zuri la karoti, amsaidie mgonjwa. Tuta lile ndilo lililokuwa maisha ya Asia. Lilisomesha watoto, liliezeka nyumba, na mama yake alilitengeneza kwa mikono yake kwenye mteremko ambao mbuzi mwenyewe anaushuka kwa kufikiri.

Asia alikuja kwangu Alhamisi hiyo, hakulala hata chini. Alisimama mlangoni na tenga tupu mkononi.

"Bi Tatu, wameitisha kikao Jumapili. Wewe umeitwa. Mjomba anataka umwambie naumwa nini."

Fikirieni wenyewe. Nikisema anaumwa, mke anakuja na tuta linakwenda. Nikisema haumwi, nimemwita mwongo mbele ya ukoo wake na ukweni kwake, na wanawake wote wanaokuja kwangu na vichango vyao wameumbuka siku hiyohiyo.

"Nikaseme nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Hata mimi sijui," akasema, akajifunga kanga, akapanda zake mlima.

Jumapili nikapanda. Nimefika ulimi nje, nikakuta wazee wamekaa barazani kwa mjomba, Shabani kainamisha kichwa kama mfiwa, Bi Chausiku kakaa pembeni kwenye kigoda na mtandio wake, macho makavu. Nikatoa shikamoo, nikapewa mkeka. Mjomba akafungua kikao kwa dua, akaeleza kwamba tumekusanyika kwa ajili ya afya ya mtoto wetu Asia, mgonjwa.

"Na mgonjwa yuko wapi?" nikauliza.

Yuko jikoni, wakasema. Anapika.

Wallahi nilidhani wanatania. Kikao cha kujadili ugonjwa wa Asia kilikuwa kinapikiwa chakula na Asia. Kuni alikuwa amezileta yeye, maji ameyapandisha yeye kutoka kijitoni, jogoo amemkimbiza yeye. Wazee wanausikitikia mgongo wa mwenzao, huku pua zao zinafuata mchuzi wake. Nikatazama uso hadi uso kama kuna hata mmoja aliyeiona hiyo. Hakuna.

Wakazungumza weee. Mmoja akasema baridi yabisi ikifika kwenye uboho ndiyo basi. Mwingine akasema shangazi yake alikuwa nayo. Shabani akasema kwa sauti ya kukatika kwamba yeye haoi kwa tamaa, anaoa kwa uchungu. Akafuta jicho. Na lilikuwa na chozi kweli!

Mjomba akanigeukia. "Haya Bi Tatu. Wewe ndiye unayemtibu. Ana ugonjwa gani?"

Nikajifanya naweka sawa kanga yangu. Mimi! Mimi ninayesemwa mtaa mzima kwamba nikianza sina breki. Na hapo Asia akatokea na birika na beseni kuwanawisha watu mikono, maana chakula kilikuwa kimeiva. Akafika kwa mjomba wake, akapiga magoti kwa adabu, akashika birika lakini hakumimina.

"Mjomba, siumwi," akasema. "Nimechoka."

"Umechoka na nini?" mjomba akauliza. Na msimcheke, aliuliza kwa kutaka kujua.

Asia akatazama birika. Akatazama moshi wa jikoni. Akaliweka lile birika chini, katikati ya mkeka. "Naweni kwanza wenyewe, mjomba. Nitakuambia."

Wazee wakalitazama birika kama limetoka Ulaya.

Shabani ndiye aliyezinduka. "Asia, kwa hiyo miezi yote hii ulikuwa unanidanganya?"

"Nilikudanganya, baba Rehema. Ningekuambia nimechoka, nataka kwenda kulala kwa Bi Tatu anichue, ungeniruhusu?"

Akafikiri. Namheshimu kwa hilo, alifikiri. "Ningekuambia ulale mapema."

"Na vyombo?"

Shabani akageuka kumtazama mama yake.

Hapo Bi Chausiku akalipuka kutoka kwenye kigoda chake. "Uchovu ni ugonjwa huo? Mimi nimechoka tangu nilipotolewa mwali, nani alinichua? Nimeshuka mlima huu na mizigo miaka yote, nani alinishika hata kidole?"

"Hakuna, mama," Asia akasema taratibu. "Na ulikuwa unaumia."

Yule mama akavuta mtandio, akageukia ukuta.

Asia akamgeukia mjomba. "Mke simkatazi mtu, dini imeruhusu. Lakini asiletwe kwa ugonjwa wangu, maana sina. Na tuta la mama yangu lina mtu wa kulilima. Mimi ninachotaka ni Alhamisi yangu, niende nirudi bila kuumwa."

Mjomba alikohoa kwa muda mrefu, kama wazee wanavyokohoa wakitafuta njia ya kutokea. Mwisho akasema mgonjwa hayupo, kwa hiyo msaidizi wa mgonjwa hana kazi, na shamba libaki na mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono, akachukua birika, akajimiminia, maji yakamwagikia kanzu. Tukala.

Shabani hakuoa. Sijui kama ni mapenzi au ni kukosa kiwanja, hayo mkamuulize yeye. Ila kwa mwezi mzima alionekana akibeba ndoo kutoka kijitoni, kwa kupitia njia ya nyuma, asionekane na wanaume wenzake.

Habari zikashuka mlima kabla yangu. Wiki hiyo wateja wangu walikuja wananitazama kwa wasiwasi, nami nikiuliza, "Unasumbuliwa na nini?" mmoja akajikaza akasema, "Bi Tatu, na mimi nimechoka tu." Waume wengine walinuna. Yule wa mguu uliopanda shingoni alikuja kuniambia ninaharibu ndoa za watu.

Alhamisi iliyofuata Asia hakuja peke yake. Mlangoni nyuma yake alisimama Bi Chausiku, na mkongojo, amenuna kana kwamba amekamatwa na mgambo.

"Nimemsindikiza tu," akaniambia.

Nikamkaribisha ndani akae. Akakaa. Akaangalia godoro. Akaangalia dari. Akauliza mafuta ni ya nazi au ya ufuta. Nikamuuliza, kwa mazoea tu, "Unasumbuliwa na nini, dada yangu?"

Akaanza kujilaza polepole, mfupa kwa mfupa, mpaka akafika chini. Asia akakaa kando yake. Nikapasha mafuta, nikaanza na nyayo, zilikuwa na nyufa za kuingiza kucha. Nikahamia kichwani, nikaweka viganja chini ya kisogo.

"Niachie kichwa."

"Nimeachia," akafoka.

Nikatoa mikono. Kichwa kikabaki hewani, kinatetemeka, kile kichwa chenye mvi kimebeba mizigo ya watu waliokufa zamani. Nikamtazama Asia. Mwanamke huyu alitaka kukuletea mke mwenza, nikawaza, mwache abebe. Asia alisogea, akapitisha mikono yake chini ya kisogo, pale ilipokuwa mikono yangu.

"Achia, mama," akamwambia. "Nimekishika."

Kikaanguka.

Basi, binti yangu mwenye rasta, usiniulize nasumbuliwa na nini. Wengi watakaolala hapo kwenye kitanda chako hawasumbuliwi na kitu unachokijua jina. Mimi mwenyewe nimechua mji mzima, na tangu mama mkubwa alipokufa hakuna aliyenigusa kisogo. Simu yako iache imezimwa, fungua dirisha tusikie mto. Haya, najilaza; sogea, weka viganja. Nimeachia, au bado?